Kukuza seli za misuli ya moyo kutoka seli shina: mwongozo kamili, kuanzia kisima kitupu hadi zulia linalodunda

Wengi wanaokosa seli zinazodunda hutafuta kosa mahali pasipo na kosa. Siku ya 12 inafika, visima vimetulia kama maji ya mtungini, na lawama zinaangukia IWP2 (dawa ya kuzima ishara), B27 (nyongeza ya lishe ya seli), hata inkubeta. Mara nyingi kazi ilikuwa imeshaharibika siku ya 0, kabla tone la kwanza la CHIR, dawa ya kuwasha ishara, halijaingia, kwa sababu seli zilikuwa chache mno, zilirundikana, au zilishaanza kupoteza ushina wao.

Njia inayofuatwa hapa ni ya kuwasha kisha kuzima ishara za Wnt, ambazo seli hupeana katika kuamua zitakuwa nini, kwa kemikali mbili ndogo, juu ya zulia moja la seli. Mwongozo unamlenga mtu anayejua tayari kulea seli shina za binadamu zilizorudishwa utotoni, yaani iPS, lakini akizigeuza kuwa moyo anaambulia kisima kimoja kati ya 12. Vipimo vyote ni vya sahani ya visima 12: kila kisima kina eneo la sentimita za mraba 3.8 na hutiwa mililita 2 za midia, yaani maji ya lishe ya seli.

## Vinavyohitajika

Seli na malezi yake
- Seli za iPS zenye afya, zilizohamishwa mara 2 au 3 tangu zitoke kwenye nitrojeni
- Midia ya seli shina, mTeSR au Essential 8. Chagua moja na usibadilishe katikati
- Matrigel, au tandiko lingine ambalo seli zako zimelizoea
- Za kubandulia seli: EDTA ya milimola 0.5 (vipimo vya mola humu vyote ni kwa lita) kwa uhamishaji wa kawaida, na Accutase kwa siku ya kuhesabu
- Y-27632, kizuizi cha kimeng'enya cha ROCK, husaidia seli zilizotenganishwa zisife

Za kugeuzia
- RPMI 1640, midia ya msingi, chupa ya mililita 500
- B27 isiyo na insulini, na B27 yenye insulini. Zote huja zikiwa na nguvu mara 50, kwa hiyo mililita 10 zinatosha chupa nzima ya RPMI
- CHIR99021 na IWP2
- DMSO safi, kiyeyushio cha dawa, ya daraja la kulelea seli

Za kusafishia na kupima
- RPMI isiyo na glukosi, na sodiamu laktati
- TrypLE, kimeng'enya cha kutenganishia seli, pamoja na seramu ya ndama au mbadala wake
- Antibodi ya troponini T ya moyo, protini inayotambulisha seli za misuli ya moyo, na nafasi kwenye saitometa, mashine ya kuhesabu seli zilizoshikwa na antibodi

Antibiotiki hazimo, na si kwamba zimesahaulika. Hufunika uchafuzi mdogo mpaka uwe mkubwa, na mikoplazima haijali penisilini hata kidogo. Pima mikoplazima kwanza. Seli zilizoambukizwa hukua vizuri na kupendeza kwa macho, ila hazigeuki inavyotakiwa, nawe utapoteza miezi ukibadilisha vipimo vya CHIR bure.

Angalia kromosomu pia, angalau kila baada ya mihamisho 10 hivi. Seli za iPS zina tabia ya kuongeza kipande cha kromosomu ya 20, eneo la 20q11.21, na zikishakipata huzipita wenzake kwa kasi ya kukua. Ukiona seli zako "zimekuwa rahisi kulea" ghafla, usifurahi, zipeleke zikapimwe.

## Hatua ya 1: Yeyusha dawa na uzigawe

CHIR99021: miligramu 5 katika mililita 1.07 za DMSO hukupa milimola 10.

IWP2: miligramu 5 katika mililita 2.14 za DMSO hukupa milimola 5. Hii ni mkaidi kuyeyuka. Ipashe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 10, tikisa, kisha inyanyue kichupa kwenye mwanga. Ukiona chembe nyeupe, bado. Chembe hizo zikiingia kisimani utadhani umeweka dozi kamili, kumbe seli zimepata nusu yake.

Y-27632: miligramu 5 katika mililita 1.56 za maji safi hukupa milimola 10.

Gawa kila dawa katika vichupa vya mikrolita 50 na uhifadhi kwenye friza. Kichupa kikishayeyuka, kitumie na kitupe kinachobaki. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huifanya dozi iwe ya kubahatisha, na kazi hii yote inasimama juu ya dozi.

## Hatua ya 2: Tandika Matrigel

Iyeyushe usiku kucha ndani ya friji, juu ya barafu. Usiiache mezani hata kwa dakika chache, kwani ikipata joto huganda kama uji na hairudi tena. Poza pia pipeti na vichupa utakavyotumia.

Changanya miligramu 0.5 katika mililita 6 za midia ya msingi ya DMEM/F12 iliyo baridi, kisha gawa mikrolita 500 kwa kila kisima. Weka nyuzi 37 kwa saa 1 au zaidi. Kisima kisikauke: sehemu iliyokauka ndiyo zulia litakapoanza kubanduka siku ya 10.

## Hatua ya 3: Panda kwa hesabu, siku 2 kabla

Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa kazi hii ni hapa. Usikadirie kwa jicho.

1. Chukua seli zilizojaza asilimia 70 hadi 80 ya chombo. Kingo za makundi ziwe laini na zenye kung'aa, seli ndogo zilizobanana, viini vikubwa. Makundi yenye kingo zilizotawanyika, au yenye seli bapa pembeni, yameshaanza kugeuka yenyewe. Yaache.
2. Osha mara moja, weka Accutase kwa dakika 5 kwenye nyuzi 37, kisha pangusa kwa pipeti mara 5 hadi 8. Unataka seli moja moja. Ukipita hapo unaziumiza.
3. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia), dakika 5.
4. Hesabu mara mbili, ukitumia rangi ya kutofautisha zilizo hai. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, usiendelee.
5. Panda idadi uliyoipata kwa sahani ya majaribio ya hatua ya 4, katika midia ya seli shina yenye mikromola 10 za Y-27632.

Ukishapanda, sogeza sahani mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, mara chache. Usiizungushe duara. Mzunguko hukusanya seli katikati ya kisima. Katikati patarundikana na pembeni patakuwa na mapengo, na dozi ileile ya CHIR itakuwa ndogo huku na sumu kule. Ukiona siku ya 10 pete tu ndiyo inayodunda na katikati kumekufa, chanzo ni mkono uliozungusha sahani.

Kesho yake badilisha midia, bila Y-27632.

Dalili ya mafanikio: siku ya 0 zulia limejaa kisima chote, hakuna pengo, wala hakuna vichuguu vya seli zilizopandana.

## Hatua ya 4: Sahani ya majaribio

Kila ukoo wa seli una dozi yake ya CHIR, na dozi hiyo hubadilika kadiri msongamano unavyobadilika. Seli nyingi huhitaji dawa zaidi, chache huuawa na dozi ileile. Ndiyo maana namba uliyopewa na maabara ya jirani haikufai hata kama ilikuwa ya kweli kwao.

Tumia sahani moja nzima. Nguzo 4 ziwe za msongamano: seli 300,000, 500,000, 750,000 na 1,000,000 kwa kisima. Safu 3 ziwe za CHIR: mikromola 6, 9 na 12.

Kwa kila safu andaa mililita 9 za RPMI yenye B27 isiyo na insulini, kisha ongeza CHIR ya milimola 10 hivi:

- mikromola 6: mikrolita 5.4
- mikromola 9: mikrolita 8.1
- mikromola 12: mikrolita 10.8

Hukumu sahani hii siku ya 15 kwa kupima troponini T, si kwa kutazama mapigo. Kisima chenye asilimia 30 tu ya seli za moyo kinaweza kudunda kwa kishindo kikakudanganya. Ukishapata jozi yako ya msongamano na dozi, ishike. Rudia sahani hii ukibadilisha ukoo wa seli, midia ya seli shina, au toleo jipya la CHIR.

## Hatua ya 5: Siku ya 0, washa Wnt

Panga kalenda kabla hujapanda. Ukianza CHIR Jumatano, kupanda kunaangukia Jumatatu, na wikendi unarudi mara moja tu, Jumamosi, kuweka IWP2.

Nyonya midia ya zamani, osha mara moja na RPMI tupu, kisha tia mililita 2 zenye CHIR kwa kuziteremsha taratibu ukutani mwa kisima. Andika saa. Ukiweka saa 4 asubuhi, itaondoka saa 4 asubuhi ya kesho yake.

CHIR huzuia kimeng'enya cha GSK3, na matokeo yake seli hujidhani ziko kwenye kiinitete zikisukumwa kuwa tabaka la kati, ambalo ndilo huzaa moyo. Insulini haitakiwi siku hizi za mwanzo kwa sababu huzuia seli zisishike njia ya moyo. Ukichukua B27 isiyo sahihi kutoka kwenye friji, kila kitu kitaonekana sawa hadi siku ya 12, kisha hakuna kitakachodunda. Vichupa vya aina hizi mbili hufanana mno, kwa hiyo vitie alama za rangi tofauti siku vinapofika.

## Hatua ya 6: Siku ya 1, toa CHIR

Fungua inkubeta ukijua utakutana na maiti. Seli nyingi zitakuwa zinaelea, midia imechafuka, na anayeiona mara ya kwanza hutaka kutupa sahani. Tulia. Tikisa taratibu seli zilizokufa zinyanyuke, nyonya, kisha weka mililita 2 za RPMI yenye B27 isiyo na insulini. Sasa tazama chini kwa hadubini.

- Zulia bado limeshika, lina mianya midogo: vizuri.
- Visiwa vichache tu vimebaki: dozi ilikuwa kali au seli zilikuwa chache.
- Hakuna kilichokufa, midia ni angavu: shuku CHIR dhaifu, au seli nyingi kupita kiasi.

Midia iwe ya joto la chumba. Ya baridi hulikunja zulia, na zulia lililodhoofika hivi halisamehe.

Siku ya 2 usiguse. Seli zinatoa ishara zao zenyewe ndani ya midia, na ukiibadilisha unazimwaga.

Mwenye nafasi ya kupima jeni apime Brachyury, jeni inayowaka seli zikielekea tabaka la kati, kati ya saa 24 na 48. Ikiwa haijapanda, sahani hiyo haitakupa moyo, na umejiokolea wiki mbili.

## Hatua ya 7: Siku ya 3, zima Wnt

Ishara ileile iliyofungua njia sasa ndiyo inayoifunga. Ikiendelea, seli za tabaka la kati hukimbilia kazi nyingine. IWP2 huzizuia seli zisitoe Wnt zao.

Muda ni saa 72 tangu CHIR iingie, na hapa pana hila wanayoiruka wengi: nusu ya midia inabaki. Toa mililita 1 kutoka kila kisima, acha mililita 1, kisha ongeza mililita 1 mpya yenye mikromola 10 za IWP2. Jumla inakuwa mikromola 5. Kwa sahani nzima, weka mikrolita 26 za IWP2 ya milimola 5 ndani ya mililita 13.

Midia ya zamani ina ishara ambazo seli zimezikusanya kwa siku 2, na huo ndio mtaji wao. Anayenyonya yote ili "asafishe" huona mavuno yakishuka bila kujua kwa nini. Dawa ya IWP2 iingize kwenye midia yenye joto na uchanganye papo hapo, maana kwenye midia baridi hujitenga na kuwa sindano ndogo unazoziona kwa hadubini.

## Hatua ya 8: Siku ya 5 na ya 7

Siku ya 5: nyonya yote, weka RPMI yenye B27 isiyo na insulini.

Siku ya 7: hamia B27 yenye insulini. Seli zimeshashika njia, sasa zinahitaji chakula cha kukulia. Kuanzia hapo badilisha kila baada ya siku 2 au 3.

## Hatua ya 9: Kutazama mapigo

Kati ya siku ya 8 na 12 utaona madoa yanayotetemeka, kisha madoa yanaungana, mwishowe kisima kizima kinavuta pamoja. Tazama ndani ya dakika 2 au 3 tangu utoe sahani kwenye inkubeta. Zikipoa hupunguza mwendo hadi kusimama, na wapo waliotupa sahani nzima kwa sababu hadubini iko chumba chenye kiyoyozi.

Zulia zuri huonekana kama wavu mnene wenye mishipa inayopishana, na panapodunda unaona kivuli kikipita. Seli pana, bapa, zenye mipaka iliyo wazi kama mawe ya sakafu si za moyo. Ndefu zinazojipanga kama nyasi zilizolala, nazo kwa kawaida ni fibroblasti, seli za tishu unganishi.

Mapigo yakiwa na nguvu sana zulia huweza kujibandua na kujikunja kuwa mpira. Usingoje litokee, hamisha seli kabla.

## Hatua ya 10: Tenganisha na usafishe

Fanya hivi kati ya siku ya 12 na 15. Ukichelewa, seli huwa zimejijengea gundi nyingi na kuzitenganisha kunaua nyingi.

1. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) isiyo na kalsiamu. Mapigo yatasimama, na hilo ni jambo la kawaida.
2. TrypLE, nyuzi 37, dakika 5 hadi 10. Zitazame, usiende kunywa chai.
3. Zinyanyue kwa pipeti ya mililita 5, tundu pana. Ncha nyembamba huzikata.
4. Simamisha TrypLE kwa midia yenye asilimia 20 ya seramu, chuja, zungusha kwa 200 g dakika 5.
5. Panda upya seli 200,000 hivi kwa kila sentimita ya mraba, katika RPMI na B27 yenye insulini, ukiongeza asilimia 10 ya seramu au mbadala wake na mikromola 10 za Y-27632. Kesho yake badilisha, bila nyongeza hizo.

Mapigo hurudi siku ya 2 hadi ya 4.

Baada ya hapo, zinyime glukosi. Weka RPMI isiyo na glukosi, bila B27, yenye milimola 4 za laktati. Ukiwa na akiba ya mola 1, yaani gramu 1.12 za sodiamu laktati katika mililita 10, unahitaji mikrolita 4 kwa kila mililita. Badilisha baada ya siku 2, acha siku 2 nyingine, kisha rudisha midia ya kawaida. Misuli ya moyo huweza kuchoma laktati ikaishi, zilizobaki nyingi hufa njaa.

Usafishaji huu hauokoi kazi mbovu. Kisima kilichoanza na asilimia 20 kitakuachia visiwa vilivyotengana na vilivyochoka. Anza na asilimia 60 au zaidi, ndipo laktati itakupeleka juu ya 90.

## Hatua ya 11: Thibitisha

Mapigo ni dalili, troponini ni ushahidi. Hifadhi umbo la seli kwa paraformaldehidi ya asilimia 4 kwa dakika 15, fungua utando kwa saponini, weka antibodi. Beba vidhibiti viwili: antibodi isiyolenga kitu, na seli za iPS ambazo hazikugeuzwa. Bila kidhibiti cha pili mstari wa kugawia utauchora unapopenda.

Kwa picha, paka rangi alfa-aktinini, protini ya mistari ya misuli. Utaona mistari kama ya pundamilia, ikiachana kwa karibu mikromita 1.6 hadi 1.8. Kwa mtu mzima ni kama 2.2. Tofauti hiyo ndogo inakueleza ulichonacho mkononi: seli hizi zinafanana na za kijusi, hudunda zenyewe bila kuamriwa, na hazina mifereji ya T iliyokomaa, ile mikunjo ya utando inayopeleka ishara ya umeme ndani ya seli. Anayepima dawa asizichukulie kama moyo wa mtu wa miaka 50. Kuzilea kwa miezi 2 au 3 husogeza ukomavu kiasi, hakuufikishi mwisho.

Wala si za kumdunga mtu. Seli shina chache zilizosalia zinaweza kuzaa uvimbe, na seli zinazodunda kwa mwendo wake zinaweza kuuvuruga moyo unaozipokea.

## Hatua ya 12: Kuhifadhi

Zinazozidi zigandishe siku ileile ya kutenganisha, kabla ya siku ya 20. Seramu asilimia 90, DMSO asilimia 10, seli milioni 5 kwa kichupa. Weka kwenye boksi la kupoza nyuzi 1 kwa dakika ndani ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kesho yake hamishia nitrojeni.

Ukiziyeyusha, ongeza midia tone kwa tone ndani ya dakika 2 za mwanzo, kwa sababu maji yakiingia kwa ghafla seli zilizojaa DMSO hupasuka. Hesabu zilizo hai tu, panda kama ulivyopanda hatua ya 10, na usiwahukumu wagonjwa hawa kwa mapigo kabla ya siku ya 5.